Branch Rickey: Aliyechekecha mchanga mpaka dhahabu ikabaki

Jioni ukipita kwenye mabanda ya gemu pale Nyamongo, wilayani Tarime, utawakuta vijana wamebanana kwenye benchi wanasubiri zamu ya kushika pedi. Wengi wanacheza mechi moja moja, aliyefungwa anaamka. Ila wapo wale wabishi wanaopenda kuendesha klabu misimu kumi mfululizo. Wanasajili, wanauza, wanapandisha yosso, wanaumiza kichwa na bajeti ya mishahara. Hao ndio wanaopaswa kumjua Branch Rickey.

Jamaa hakuwa mtu wa soka. Alikuwa wa besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kurusha kimpira na kukipiga kwa gongo. Gemu za besiboli nazo zina sehemu ya kuendesha timu miaka nenda rudi, kama zilivyo za soka. Karibu kila ujanja unaomfaa mchezaji wa gemu hizo, Rickey aliutumia kwa watu wenye damu na nyama, tena zamani hizo, bila kompyuta.

Alizaliwa Desemba 20, 1881, Stockdale, jimbo la Ohio, kwenye familia ya wakulima, Wamethodisti wa kweli kweli. Alimwahidi mama yake kwamba hatacheza mpira Jumapili na ahadi hiyo hakuivunja. Hata alipokuja kuwa bosi, Jumapili hakanyagi uwanjani. Wabaya wake hawakuchoka kukumbusha kwamba viingilio vya Jumapili, hata hivyo, klabu yake ilivipokea.

Kama mchezaji alikuwa wa kawaida tu, kusema ukweli. Alicheza nafasi ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na ambaye kazi yake mojawapo ni kuwazuia wapinzani wasiibe vituo. Juni 28, 1907, akiwa na New York Highlanders na mkono ukimuuma, Washington walimwibia vituo 13 kwenye mechi moja. Kwa mtu wa soka, chukulia kipa aliyepigwa kapu la mabao na rekodi ikaandikwa kwa jina lake. Baadaye akaugua kifua kikuu. Alipopona akasoma sheria Chuo Kikuu cha Michigan, akamaliza 1911, huku akiifundisha timu ya chuo. Uwakili haukumlipa. Mwaka 1913 akawa amerudi kwenye besiboli moja kwa moja, safari hii upande wa viongozi, St. Louis Browns.

Hadithi yenyewe inaanzia ng'ambo ya pili ya mji huohuo, St. Louis Cardinals, alikoingia kama rais wa klabu mwaka 1917. Klabu ilikuwa na madeni mpaka kooni. Inasimuliwa kwamba wageni wenye fedha walipotarajiwa, Rickey alibeba zulia la nyumbani kwake akalitandika ofisini ili pafanane na ofisi. Mashabiki wa Mara hawana haja ya kuelezwa klabu isiyo na mkwanja inavyokuwa. Biashara United ilipanda Ligi Kuu 2018, ikafika Kombe la Shirikisho Afrika 2021, safari ya kwenda Libya kwenye mechi ya marudiano ikakwama, na 2022 ikashuka daraja.

Tatizo la Cardinals lilikuwa hili. Wakati ule vijana walikuwa wanatoka kwenye timu ndogo za mikoani, na klabu kubwa zilikwenda kuwanunua huko. Rickey alikuwa na jicho kali. Akimwona kijana na kuulizia bei, mwenye timu ndogo anakimbilia kuwapigia simu matajiri wa New York: kama Rickey anamtaka, basi huyu ni mali. Dau linapanda, Cardinals wanabaki wanatazama.

Jibu lake likabadili michezo ya Marekani. Badala ya kununua wachezaji kutoka timu ndogo, akaanza kununua timu ndogo zenyewe. Fikiria Simba au Yanga iwe inamiliki timu Ligi ya Championship, nyingine First League, nyingine ligi za mikoa, na kijana anasainiwa akiwa na miaka 18 kule chini na kupandishwa ngazi moja moja mpaka Kwa Mkapa. Kufikia mwaka 1940 Cardinals walimiliki timu 32, walikuwa na makubaliano na nyingine 8, na wachezaji zaidi ya 600 walikuwa chini ya mikataba yao.

Mtu wa Nyamongo hili halimpi shida. Anayesaga magwangala anajua kwamba jiwe halichaguliwi kwa macho. Unabeba viroba, unavipeleka karasha, unachekecha, na mwisho kinachobaki ni punje. Imani ya Rickey ilikuwa hiyo: ukitaka wazuri wachache, anza na wengi sana. Kwenye gemu watu wanakosea hapo. Wanamaliza bajeti yote kwa staa mmoja dirisha la kwanza, halafu staa anaumia mwezi wa tatu na benchi halina mtu.

Ukocha ndio haukumfaa. Alikaa benchi tangu 1919, na mwaka 1925 tajiri wa klabu, Sam Breadon, akamwondoa na kumpa kazi Rogers Hornsby, mpigaji wao hatari. Rickey akabaki ofisini kwenye usajili. Iliuma, lakini mwaka uliofuata, 1926, Cardinals wakawafunga New York Yankees na kutwaa ubingwa wao wa kwanza wa World Series. Walirudia 1931, 1934 na 1942. Kwa hiyo yule kijana wa bandani anayeachia kompyuta icheze mechi na yeye akashughulika na kikosi tu, asichekwe.

Kati ya waliotoka kwenye chekeche alikuwemo Stan Musial. Alisainiwa 1938 kama mrushaji. Mwaka 1940 akaanguka akijaribu kudaka mpira na bega likaharibika. Kwa klabu nyingine angeambiwa arudi kwao. Kwenye mfumo wa Cardinals alibadilishiwa kazi, akawa mpigaji, na mpaka anastaafu alikuwa na mapigo salama 3,630. Kabla hujamfuta mchezaji kwenye gemu, mjaribu nafasi nyingine kwanza.

Kuuza ndiko kulikomjengea maadui. Rickey aliamini ni heri umwuze mchezaji mwaka mmoja mapema kuliko mwaka mmoja umechelewa. Dizzy Dean alikuwa kipenzi cha St. Louis, mrushaji aliyewapa ubingwa wa 1934. Alipoumia kidole cha mguu 1937 na mkono nao ukaharibika, Rickey hakusubiri. Aprili 1938 alimpeleka Chicago Cubs, akapokea dola 185,000 na wachezaji watatu. Dean hakuwa Dean tena. Mashabiki walinuna, na walikuwa na sababu ya ziada, kwa sababu kwenye mkataba wa Rickey kulikuwa na kipengele cha asilimia kutokana na mauzo. Kila staa aliyeondoka, bosi alikula.

Hapa ndipo gemu na maisha vinapotengana. Yosso wa kwenye skrini ukimwacha timu ya tatu misimu sita halii. Wale 600 walikuwa watu. Sheria za wakati ule zilimfunga mchezaji kwa klabu yake mpaka klabu yenyewe iamue, mishahara ya chini ilikuwa kiduchu, na wapo waliozeekea madaraja ya chini ilhali klabu nyingine zingewapa namba. Mwaka 1938 msimamizi mkuu wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, alichunguza mtandao wa Cardinals na kuwaachia huru wachezaji zaidi ya 70. Rickey alikasirika. Upande wa Landis una uzito, ingawa Landis huyohuyo kwa miaka yote ya utawala wake hakuna mchezaji mweusi aliyeingia Ligi Kuu.

Mwisho wa 1942 Rickey akahamia Brooklyn Dodgers. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinawaka, klabu nyingi zimepunguza usajili wa vijana kwa sababu watakwenda jeshini. Yeye akafanya kinyume, akasaini vijana kwa wingi akisema moyoni vita vitaisha. Halafu akageukia mgodi ambao wenzake wote walikuwa wameupa kisogo.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19 Ligi Kuu ya besiboli ilikuwa ya weupe peke yao. Weusi walikuwa na ligi zao, zenye vipaji vya kutisha. Rickey mwenyewe alisimulia jinsi alivyokuwa kocha kijana wa chuo Ohio, hoteli moja ikamkatalia chumba mchezaji wake mweusi, Charles Thomas, na jinsi kijana yule alivyolia usiku ule akijisugua ngozi ya mikono. Agosti 28, 1945 alimwita Jackie Robinson ofisini Brooklyn. Kwa saa kama tatu akamwigizia matusi yote atakayokutana nayo, ya mashabiki, ya wapinzani, ya wahudumu wa hoteli, akitaka kuona kama anaweza kuvumilia bila kurudisha ngumi. Mwaka 1946 Robinson akacheza Montreal, timu ya chini ya Dodgers. Aprili 15, 1947 akaingia uwanjani na jezi ya Brooklyn. Akawa mchezaji bora chipukizi mwaka ule na mchezaji bora wa ligi 1949. Roy Campanella na Don Newcombe wakafuata mlango uleule.

Alifanya kwa haki au kwa pesa? Kwa vyote viwili, na hakuna haja ya kumtakasa. Alijua weusi wangejaza viwanja na kuleta makombe. Kansas City Monarchs, timu aliyomtoa Robinson, hawakupata hata senti. Ligi za weusi zikadhoofika mpaka zikafa. Lakini klabu 15 zilizobaki zilikuwa na macho kama yake na hazikuthubutu.

Mwaka 1947 huohuo akamwajiri Allan Roth, mtu wa takwimu, akae na timu muda wote. Besiboli nzima ilikuwa inawapima wapigaji kwa wastani wa mapigo. Rickey na Roth wakaona hilo linadanganya, wakahesabu mara ngapi mchezaji anafika kituoni kwa njia yoyote, hata kwa kuachiwa na mrushaji. Ni kama kumpima straika kwa mabao bila kuuliza mangapi ni penalti. Anayecheza gemu ya besiboli leo aangalie namba hiyo kwanza.

Mwaka 1950 Walter O'Malley alimshinda kwenye vita ya umiliki, Rickey akauza hisa zake na kwenda Pittsburgh Pirates. Huko aliumbuka. Mwaka 1952 walipoteza mechi 112 kati ya 154. Kwenye gemu bodi ingekuwa imeshamfukuza. Novemba 1954 akachungulia orodha ya vijana ambao klabu zilisahau au zilishindwa kuwalinda, akamchukua Roberto Clemente kutoka kwa Dodgers, klabu yake ya zamani, kwa dola 4,000. Mwaka 1955 akaachia ngazi. Mwaka huohuo Dodgers wakachukua ubingwa wao wa kwanza na kina Robinson, na 1960 Pirates wakauchukua na Clemente. Yeye hakuwa kwenye benchi lolote.

Novemba 13, 1965 alianguka jukwaani Columbia, Missouri, akiwa anahutubia kwenye hafla ya kumuenzi. Hakuzinduka. Alifariki Desemba 9, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 84, na 1967 akaingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli.

Mwaka 2022 Dodgers, ambao siku hizi wako Los Angeles, walisaini vijana wawili kutoka Uganda, hapo ng'ambo ya ziwa. Wakaanzia timu za chini.