Beryl Markham: Rubani wa Njoro aliyevuka Atlantiki kwa dira na saa

MAISHA ya urubani ya Beryl Markham yalipita kabla ya enzi ya GPS. Alipofariki dunia jijini Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83, baadhi ya setilaiti za mfumo huo zilikuwa zimekwisha kurushwa, lakini mfumo wenyewe haukukamilika hadi mwaka 1995.

Leo rubani wa ndege ndogo anayetoka Nairobi kwenda Lamu hutazama kioo kilicho mbele yake na kujua mahali alipo kwa kosa la mita chache tu. Mwanamke huyu alivuka bahari ya Atlantiki peke yake, usiku, bila redio, akiongozwa na ramani, dira, saa na hesabu zake mwenyewe. Wakati huu ambapo marubani wanajadiliana iwapo ujuzi wa kale bado una faida, maisha yake yana la kufundisha.

Alizaliwa Oktoba 26, 1902 katika kijiji cha Ashwell, Uingereza, akiitwa Beryl Clutterbuck. Alikuwa na umri wa miaka minne hivi alipoletwa Afrika Mashariki. Baba yake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba huko Njoro. Haukupita muda mrefu mama yake akarejea Uingereza na mtoto wa kiume, na Beryl akabaki na baba.

Alikua pamoja na watoto wa Wanandi na Wakipsigis. Aliongea Kiswahili, akajifunza kuwinda kwa mkuki na kutembea porini kwa kuangalia nyayo, vilima na jua. Mmoja wa marafiki wa utotoni, Kibii, baadaye aliyejulikana kama arap Ruta, alifanya naye kazi kwa miaka mingi ukubwani.

Ukame na hasara vilipomfilisi baba yake, mzee huyo alihamia Peru. Beryl alibaki, akapata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano akiwa bado kijana mbichi, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya Kenya. Mwaka 1926 farasi wake, Wise Child, alishinda mashindano ya St Leger jijini Nairobi.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa na utulivu. Aliolewa mara tatu, na ndoa zote zikavunjika. Mwanawe wa pekee, Gervase, aliyezaliwa mwaka 1929, alilelewa Uingereza na ukoo wa baba yake, Mansfield Markham.

Aliyemfundisha kuruka ni Tom Campbell Black, rubani wa kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake limebaki katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Mwalimu huyo alikuwa na desturi ya kumwacha mwanafunzi akosee, akishika usukani dakika ya mwisho tu, kisha akaeleza kosa lilikuwa wapi.

Haikuwa kazi ya mchezo. Mei 1931 rafiki yao, Denys Finch Hatton, alikufa ndege yake ndogo ilipoanguka Voi. Hata hivyo, Beryl alipata leseni yake ya kwanza mwaka huohuo, na mwaka 1933 akapata leseni ya urubani wa biashara, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo nchini Kenya.

Katika miaka hiyo ramani za Afrika Mashariki zilikuwa na sehemu kubwa ambazo hazijapimwa. Rubani alifuata reli, mto, ukingo wa Bonde la Ufa au umbo la ziwa. Beryl alibeba barua, abiria na wagonjwa, akawatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani na kuwadondoshea ujumbe katika mifuko. Mwaka 1932 aliruka peke yake hadi Uingereza, akipita juu ya vinamasi vya Sudd nchini Sudan, mahali ambapo kutua kwa dharura kulikuwa karibu sawa na kifo.

Pale ambapo hapakuwa na alama ya kuonekana, alitumia njia inayofanana na ile ya manahodha wa majahazi. Rubani huanza na mahali anapopajua, akashika upande mmoja kwa dira, akazidisha kasi kwa muda aliosafiri, kisha akakadiria upepo umemsukuma kiasi gani. Njia hii haina huruma kwa mzembe. Kosa la digrii 1 tu huitoa ndege maili moja nje ya njia kwa kila maili 60.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1936. John Carberry, mlowezi wa Kenya, alimwazima ndege mpya aina ya Percival Vega Gull yenye injini moja na namba za usajili za Kenya, VP-KCC. Matangi ya ziada yaliwekwa hadi ndani ya chumba cha rubani, na redio ikaachwa ili kupunguza uzito.

Jioni ya Septemba 4, 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, akilenga New York, safari ya zaidi ya kilomita 5,000. Charles Lindbergh mwaka 1927 na Amelia Earhart mwaka 1932 walikuwa wamevuka kutoka magharibi, upepo ukiwasukuma. Beryl alikwenda kinyume, akipambana na pepo za mbisho, mvua na giza. Tangi la kwanza lilipokauka injini ilizimika, na ndege ikashuka karibu na mawimbi kabla ya tangi jingine kuanza kulisha injini.

Asubuhi aliiona pwani ya Newfoundland. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Lakini barafu iliziba njia ya hewa ya tangi la mwisho, injini ikakosa mafuta, na baada ya saa zipatazo 21 angani ndege ikaangukia kinamasi huko Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Alitoka na jeraha la kichwa. Hakufika New York kwa ndege yake, lakini alikuwa mtu wa kwanza kuruka peke yake bila kutua kutoka Uingereza hadi Amerika ya Kaskazini.

Furaha haikudumu. Septemba 19 mwaka huohuo, Campbell Black aliuawa katika ajali kwenye uwanja wa Speke, Liverpool.

Mwaka 1942 kilitoka kitabu chake, West with the Night. Wapo wanaodai kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujaisha. Kitabu kilisahauliwa hadi kilipochapwa upya mwaka 1983, kikamletea kipato uzeeni, baada ya miaka mingi ya kufundisha farasi tena nchini Kenya.

Si haki kuzitukuza mbinu za kale kupita kiasi. Julai 2, 1937, Earhart na mwongoza njia wake, Fred Noonan, walipotea wakitafuta kisiwa kidogo cha Howland katika Pasifiki. GPS imewaepusha wengi na msiba kama huo.

Lakini mawimbi yake hutoka umbali wa kilomita 20,000 hivi na hufika yakiwa dhaifu. Katika miaka ya 2020 marubani wameripoti kuvurugwa kwa mawimbi hayo katika maeneo ya bahari ya Baltiki na mashariki ya Mediterania. Kifaa nacho huweza kuzimika, na rubani aliyezoea kuambiwa alipo hujikuta hana swali la kujiuliza.

Beryl alijiuliza swali hilo kila dakika kadhaa: nimetoka wapi, nimeruka muda gani, upepo unanipeleka wapi. Hata barafu ile iliyomwangusha isingetajwa na setilaiti yoyote. Rubani wa leo hana sababu ya kuacha GPS nyumbani, ila anapaswa kuwa na jibu lake mwenyewe kabla ya kutazama kioo. Wahenga walisema akiba haiozi.