Paul Bowles, mzee wa Tangier

Paul Bowles alizaliwa New York mwaka 1910. Mwaka 1947 alihamia Tangier, nchini Moroko, na huko akafariki tarehe 18 Novemba 1999. Yeye alipenda wanaume, mkewe Jane, mwandishi pia, alipenda wanawake. Hata hivyo walibaki mume na mke hadi Jane alipofariki mwaka 1973.

Uzeeni hakuwa na simu nyumbani, lakini wageni kutoka ng'ambo walimbishia hodi, hasa baada ya Bertolucci kutoa filamu ya riwaya yake mwaka 1990.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Mohammed Mrabet, asiyejua kusoma wala kuandika, alimsimulia hadithi kwa Kiarabu cha Moroko. Bowles alizinasa kwenye kanda, akazitafsiri kwa Kiingereza. Mohamed Choukri, ambaye Bowles alimtafsiria kitabu pia, baadaye alimlaumu kwamba aliipenda nchi kuliko wenyeji wake. Lawama hiyo ni nzito. Lakini kwenye jalada, mtunzi aliyetajwa ni Mrabet. Kila anayekwenda kurekodi wazee vijijini na ajiulize: kitabu kikitoka, kitabeba jina la nani?