Ahmad bin Majid, Mwalimu wa Pepo za Msimu

Neno msimu tunalitumia kila siku: msimu wa maembe, msimu wa watalii pale Diani. Asili yake ni Kiarabu, mawsim, na kwa mabaharia wa zamani lilikuwa ni wakati wa kusafiri, upepo ukishafaa. Wazungu walilichukua neno hilohilo wakalifanya monsuni, na leo limo katika vitabu vya hali ya hewa dunia nzima. Miongoni mwa walioziandika pepo hizi kwa undani ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, rahimahullah. Na huyu ndiye mtu aliyebebeshwa lawama ambayo mimi naona si haki.

Alizaliwa karne ya 15 huko Julfar, ambako leo ni Ras al-Khaimah katika Imarati. Baba yake na babu yake walikuwa waongozaji wa vyombo, cheo kilichoitwa mu'allim, ndilo neno letu la mwalimu. Kwa hivyo kijana alikuta daftari nyumbani. Lakini hakukaa akazinakili tu, alizipima kwa safari zake mwenyewe na alipoona kosa alilisahihisha, hata likiwa la baba yake. Mwaka 1462 alikuwa ameshatunga shairi refu la elimu ya bahari. Kitabu chake kikubwa, al-Fawa'id, alikimaliza mnamo 1490. Kina milango 12, na wa 11 ni wa misimu. Shairi lake jengine, al-Sufaliyya, linaeleza njia ya kwenda Sofala, Msumbiji, kupitia pwani yetu hii.

Sasa huo msimu unatoka wapi? Waangalie wavuvi wa Gazi au Msambweni. Alfajiri wanatoka na umande, upepo wa nchi kavu, na alasiri upepo wa bahari unawarudisha. Sababu ni kwamba nchi kavu hupata joto haraka na kupoa haraka kuliko maji. Ikipata joto, hewa yake inakuwa nyepesi na kupanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na hewa nzito ya baharini inaingia kujaza pengo. Usiku mambo yanageuka.

Basi kusi na kaskazi ni mchezo huohuo, ila badala ya siku moja unachukua mwaka, na badala ya Gazi ni bara zima la Asia. Kuanzia Aprili hivi Asia inapata joto, hewa inavutwa kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, nayo ndiyo kusi. Kwa sababu dunia inazunguka, upepo ukishavuka Ikweta unapinda kuelekea India. Kuanzia Novemba au Disemba Asia imepoa, na kaskazi inashuka mpaka Machi. Katikati, upepo unalegea na hauna mwelekeo.

Ibn Majid hakuwa na kipimo cha mgandamizo wa hewa. Chombo hicho alikibuni Torricelli, Muitaliano, mwaka 1643. Yeye alikuwa na nyota na hesabu ya siku. Na hapa ndipo ninapomvulia kofia: tarehe za safari hakuziweka kwa miezi ya Hijria. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, ndiyo maana Ramadhani ya 2015 tuliipata Juni, kusi imepamba moto, na ya 2025 ikaingia mwanzo wa Machi, kaskazi ikimalizika. Upepo unafuata jua. Kwa hivyo alihesabu siku kuanzia Nairuzi, kama wazee wetu walivyohesabu miongo kuanzia Siku ya Mwaka.

Tuje kwenye lawama. Qutbuddin al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka wa karne ya 16, aliandika kuwa Ibn Majid ndiye aliyemuonyesha Vasco da Gama njia ya India. Maneno hayo yakashika, na mpaka leo kuna wanaomwita msaliti. Lakini Wareno wenyewe waliandika kuwa kiongozi waliyepewa Malindi alikuwa mtu wa Gujarat. Wengine wakamwita Malemo Cana, na Malemo ni mu'allim tu, cheo, si jina la mtu.

Na tutazame tarehe. Da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi inaanza, akafika Calicut chini ya mwezi mmoja. Kwa tarehe hiyo, mwalimu yeyote wa Malindi angemwambia atweke tanga. Haikuhitaji bingwa. Kurudi, aliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti, kusi bado inamvumia usoni. Hata alipoanza kuivuka bahari kuu, Oktoba, kaskazi ilikuwa haijashika. Kuvuka kulimchukua takriban miezi mitatu. Mabaharia wake karibu 30 walikufa njiani kwa maradhi ya fizi, na wenye nguvu za kufanya kazi walibaki saba au wanane katika kila merikebu. Alifika Malindi Januari 1499, akapita Mombasa na mbele ya pwani yetu ya Kwale, na upande wa Tanga akaichoma moto merikebu yake moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha.