Nu'aymani bin Amri, Sahaba Mcheshi

Nu'aymani bin Amri alikuwa Ansari wa Madina, katika Banu Najjar. Alihudhuria Badri mwaka wa 2 wa Hijra (624), na daraja ya watu wa Badri yajulikana. Pamoja na hayo alikuwa mtu wa mizaha, wala hakuiacha.

Siku moja bedui alimpigisha magoti ngamia wake nje ya msikiti, akaingia kwa Mtume (s.a.w.). Baadhi ya masahaba waliotamani nyama wakamchochea Nu'aymani amchinje, kwamba Mtume atalipa. Akamchinja. Bedui alipotoka akapiga kelele. Nu'aymani alikuwa amekwisha kimbilia nyumba ya Dhuba'a binti Zubeiri, akajificha shimoni chini ya makuti. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba hakumwona, na kidole chake chaelekea shimoni! Mtume akamtoa, uso umejaa vumbi, akamwuliza sababu. Naye akajibu kuwa hao waliomwonyesha ndio waliomwamrisha. Mtume akampangusa uso, akacheka, akamlipa bedui thamani ya ngamia wake. Wengi huhadithia kicheko wakaacha malipo, na malipo ndiyo hukumu: mali ya bedui haisamehewi ila na bedui mwenyewe.

Kadhalika katika safari ya Busra pamoja na Abu Bakari, mwaka mmoja kabla ya kufa Mtume, alimwuza mwenziwe Suwaibiti, mtu huru, kwa ngamia 10. Riwaya nyingine yageuza, ikamfanya Nu'aymani ndiye aliyeuzwa. Abu Bakari akawarudisha ngamia, akamtoa mtu wake. Na Mtume na masahaba wakaicheka habari hiyo mwaka mzima.

Walakini alipoletwa amelewa, hapakuwa na kicheko. Hadi ikisha fika kwa Imamu haina msamaha wala uombezi, hata kwa mtu wa Badri, hata kwa mpenzi. Jambo hilo lilimwia zito Mtume, naye akaamuru waliomo nyumbani wampige. Wakampiga kwa makuti ya mtende na viatu. Imepokewa kuwa aliletwa tena na tena, hata mtu mmoja akamlaani. Mtume akamkataza, akamshuhudia Nu'aymani kuwa ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Katika Bukhari katazo hili limekuja kwa Abdallah, mcheshi mwingine, naye kapigwa kwa kosa lilo hilo. Basi mkosa alipigwa kwa haki, na aliyenyamazishwa ni mlaani.

Nu'aymani aliishi hata ukhalifa wa Muawiya, akafa katika siku hizo. Radhiallahu anhu.