Teleki: jamaa aliyekuja kuwinda, jina likabaki kwenye mmea

Ukipanda Mlima Kenya kupitia Naro Moru utafika bonde linaloitwa Teleki. Huko kwenye baridi kali kuna mmea mrefu kuliko wewe, umejaa manyoya kama mkia wa mnyama fulani. Unaishi miaka mingi, unachanua mara moja tu, halafu unakufa. Kisayansi unaitwa Lobelia telekii. Watu hupiga selfi hapo wakateremka zao, bila kuuliza huyu Teleki ni nani.

Sámuel Teleki alikuwa kabaila wa Hungaria, aliyezaliwa 1845. Pesa alikuwa nazo, na tumbo pia. Mambo ya mimea wala hayakuwa yake. Jamaa alikuja kuwinda. Ni rafiki yake Rudolf, mrithi wa ufalme wa Austria, aliyemhimiza aende kaskazini zaidi, kwenye ziwa ambalo Wazungu walikuwa wakilisikia tu.

Mwanzoni mwa 1887 akaondoka Pangani na mamia ya wapagazi. Ludwig von Höhnel, mwanamaji wa Austria, ndiye aliyechora ramani. Aliyezijua njia za bara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani. Shika hilo jina.

Msafara ulipokatiza nchi ya Wagikuyu, ulipigana na wenyeji na kuwanyang'anya mifugo. Oktoba wakapiga kambi Ndoro, upande wa Naro Moru, na Teleki akapanda hadi karibu mita 4,700. Kilele hakukigusa, hicho kilingoja hadi 1899. Lakini mimea ilibebwa hadi Ulaya, na mtaalamu Mjerumani, Georg Schweinfurth, akaupa huu jina la Teleki. Hata hiyo Lobelia inatokana na Matthias de l'Obel, daktari aliyefariki 1616 bila kuuona mlima wetu. Yaani mmea wa kwetu, majina mawili, yote ya wageni.

Sisemi Kilatini hakina kazi. Mti ambao mzee wa Nyeri anauita mutamaiyu, Mmaasai anauita oloirien. Wanaweza kubishana mchana kutwa kumbe wanazungumzia mti mmoja. Mwanasayansi atawaambia ni Olea europaea, ndugu wa damu wa mzeituni wa Biblia. Hapo jina moja la dunia nzima linasaidia, bana.

Shida ni nani anayepewa heshima ya kuandikwa. Machi 1888 Teleki alifika kwenye lile ziwa na kulibatiza Rudolf, kwa heshima ya rafiki yake. Mwaka 1975 Kenya ikalibadilisha likawa Turkana, na mambo yakaisha. Mmea haubadilishwi hivyo. Sheria za kimataifa za mimea hulinda jina lililochapishwa kwanza kwa utaratibu, na wataalamu wakiuhamishia ukoo mwingine, hilo telekii kwa kawaida litahama nalo.

Teleki mwenyewe alirudi kwao amekonda, baada ya baadhi ya wapagazi wake kufia njiani. Kitabu cha safari hata hakukiandika yeye, alikiandika Höhnel. Alifariki Budapest mwaka 1916.

Na Jumbe Kimemeta? Kwenye huo mlima sijaona bonde wala jani lenye jina lake.