Mwalimu Nyerere na Suluhu ya Burundi



Safari hii ukurasa wa waliotutangulia tunampa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Habari za uhuru na Azimio la Arusha tulizikariri darasani, hatutazirudia. Tutaeleza kazi yake ya mwisho, yaani kuwapatanisha Warundi, kazi ambayo sisi watu wa Kilosa iligusa mpaka reli yetu.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Alisoma Mwisenge, Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Tabora na Pugu, kisha mwaka 1955 akaacha chaki kwa ajili ya TANU. Urais aliuacha kwa hiari Novemba 1985, na uenyekiti wa Chama mwaka 1990. Mzee wa umri ule angeweza kabisa kukaa Butiama akalima shamba lake, wala hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini kwa jirani kuliwaka moto. Oktoba 1993 askari walimwua Rais Melchior Ndadaye, ambaye wananchi walikuwa wamemchagua miezi minne tu nyuma. Wahutu na Watutsi waliuawa kwa maelfu, na wakimbizi wakamiminika Kigoma na Kagera. Mwaka 1996 Mwalimu alikubali kuwa msuluhishi, akawakutanisha viongozi wa vyama vya Burundi mjini Mwanza. Mazungumzo yakiwa bado machanga, tarehe 25 Julai Meja Pierre Buyoya akatwaa serikali. Siku sita baadaye wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuifungia Burundi njia zote za biashara.

Hapo ndipo reli inapoingia. Shehena nyingi za Burundi zilishushwa bandarini Dar es Salaam na kupakiwa katika mabehewa, zikapita Kilosa, zikafuata bonde la Mkondoa kupitia stesheni ya Munisagara, kisha Dodoma na Tabora hadi Kigoma, na huko zikavushwa kwa meli mpaka Bujumbura. Ni njia ile ile tuliyosafiria na masanduku yetu ya bati. Kuifunga ndiyo ilikuwa silaha ya Mwalimu, maana jeshi hakuwa nalo.

Silaha yenyewe ilikata kuwili. Mnamo Septemba Buyoya alilazimika kurudisha Bunge na kuviruhusu tena vyama vya siasa. Lakini mafuta na mbolea vilipanda bei, mkulima akaumia, na mlanguzi akanenepa. Mwaka 1997 vizuizi vililegezwa kwa chakula, dawa na pembejeo. Vikasimamishwa kabisa Januari 1999. Kwa maoni yetu vilikaa mno. Mwaka wa kwanza ulikuwa umekwisha kutoa karibu faida yote iliyotazamiwa, na uliobaki ulikuwa mzigo wa wanyonge.

Serikali ya Buyoya ilimshutumu Mwalimu kuwa anaegemea upande mmoja, na Agosti 1997 ikakataa kuja Arusha. Mzee hakususa. Tarehe 15 Juni 1998 pande 17 zilikaa chini Arusha. Wafadhili wa Ulaya na kwingineko walitoa fedha. Umoja wa Ulaya ulimtuma Aldo Ajello, Marekani ikamtuma Howard Wolpe. Posho nazo zilikuwapo, na walikuwapo walionong'ona kwamba wajumbe wengine hawakuwa na haraka ya kurudi kwao.

Hatari ya wafadhili wengi ni kila mmoja kuja na meza yake. Tayari jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio ilikuwa imewakutanisha kwa siri huko Roma serikali na waasi wa CNDD mwaka 1997. Badala ya kushindana nao, padre wao Matteo Zuppi alipewa kuongoza kamati ya amani na usalama pale pale Arusha. Armando Guebuza wa Msumbiji aliongoza kamati ya chanzo cha mgogoro, Nicholas Haysom wa Afrika Kusini kamati ya demokrasia, na Georg Lennkh wa Austria kamati ya ujenzi mpya. Wageni wakawa chini ya mwenyekiti mmoja, na mwenyekiti huyo ni Mwafrika.

Kasoro kubwa ilikuwa moja. CNDD iligawanyika mwaka 1998, na wenye bunduki, yaani FDD, hawakupewa kiti. Watu walizungumza Arusha huku risasi zikiendelea kulia Burundi.

Wakati huo Mwalimu alikuwa na saratani ya damu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Desemba Nelson Mandela alishika nafasi yake, akibaki na Jaji Mark Bomani aliyekuwa msaidizi wa Mwalimu katika kazi hiyo. Mkataba ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000 mbele ya Rais Clinton, bila ya kusimamisha vita. FDD walikuja kupatana na serikali Novemba 2003, Warundi wakapiga kura mwaka 2005, na kundi la mwisho, FNL, likatia sahihi Dar es Salaam Septemba 2006.