Nabongo Mumia: Bawabu wa Lango la Magharibi

Msafiri atokaye Kakamega kwenda Mumias hupita Shianda, akiwa na mashamba ya miwa kulia na kushoto. Hiyo ni nchi ya Wanga. Watu wengi wa sehemu nyingine za Kenya hulijua jina la Mumias kwa ajili ya sukari, wala hawafahamu kwamba mji huo umechukua jina la mtu. Mtu huyo ni Nabongo Mumia, mwana wa Shiundu, mfalme wa Wanga, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kama bawabu wa lango kuu. Misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda kwa njia ya kaskazini mwa ziwa ilipiga hodi kwake kwanza.

Neno hili bawabu lina uzito wake katika elimu ya dini za kale. Warumi walikuwa na mungu wa milango aliyeitwa Janus. Walimchora mwenye nyuso mbili, mmoja ukitazama mbele na wa pili nyuma, naye ameshika ufunguo na fimbo. Katika ibada zao jina lake lilitajwa kwanza, hata kabla ya jina la Jupiter aliyekuwa mkuu wa miungu yote, kwa kuwa hapana aingiaye nyumbani pasipo kupita mlangoni. Asubuhi ilikuwa saa yake, na mwezi wa Januari ulipewa jina lake. Mjini Roma lango lake liliachwa wazi wakati wa vita, likafungwa wakati wa amani. Katika enzi ya Kaisari Augusto lilifungwa mara 3, na watu wakaona hilo kuwa ajabu, maana vita vilikuwa havikomi.

Miungu ya Roma ilipoachwa, watu wanaotafuta maana zilizofichika ndani ya alama za dini waliendelea kumtafakari Janus. Mmoja wao alikuwa Mfaransa René Guénon, aliyeingia Uislamu, akahamia Cairo mwaka wa 1930 na kufia huko mwaka wa 1951. Guénon alieleza kwamba uso mmoja wa Janus ni wakati uliopita na wa pili ni wakati ujao. Uko na uso wa tatu usioonekana kwa macho, nao ndio sasa. Funguo zake alizihesabu kuwa mbili, wa dhahabu na wa fedha, na malango yake mawili, kama jua lilivyo na vikomo viwili kwa mwaka, cha kusini na cha kaskazini.

ALAMA ZA UFALME

Wanga hawakuwa na haja ya kuazima chochote Roma. Walikuwa na alama zao. Kubwa miongoni mwa hizo ilikuwa bangili ya shaba iliyorithiwa na wafalme. Masimulizi ya wazee husema kwamba mwanzilishi wa ukoo, aliyeitwa Wanga, aliondoka kwao baada ya kugombana na ndugu yake, akafika kwa mtu mwingine na kumtumikia kama mtumishi wa kawaida. Bangili yake aliificha. Siku ilipoonekana mkononi mwake, wenyeji walitambua kwamba mtumishi wao alikuwa mwana wa wafalme, na mwishowe utawala ukaja mikononi mwake. Wanga wanafundishwa na hadithi hiyo kwamba ufalme ni amana ambayo mtu huibeba hata akiwa mnyonge ugenini.

Pamoja na bangili palikuwapo ngozi ya chui, ambayo ilikuwa vazi la heshima la wakubwa. Lakini kazi ya Nabongo ilizidi mavazi. Yeye alisimama kati ya watu walio hai na wazee waliotangulia. Mambo ya mvua, mavuno, magonjwa na vita yalihusu pande zote mbili, naye alipaswa kuzitazama zote. Katika nchi ya Waluhya wazee wengi walikuwa na desturi ya kumwomba Mungu alfajiri, wakielekea jua linakochomoza. Basi hapo msomaji ataona kwamba mambo ambayo Warumi waliyaweka katika sanamu yenye nyuso mbili, watu wa magharibi mwa Kenya waliyaweka katika mtu mzima mwenye pumzi.

HODI KUTOKA PWANI

Mumia alizaliwa katikati ya karne ya 19, akarithi kiti cha baba yake mwanzoni mwa miaka ya 1880. Nchi aliyoirithi haikuwa na utulivu. Kusini Wajaluo wa Ugenya walikuwa wakiisukuma mipaka yake, na kaskazini walikuwapo Wabukusu ambao hawakukubali kutawaliwa na mtu. Lakini mashariki ilikuwapo njia. Tangu wakati wa Shiundu wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walifika hapo kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Watu wa pwani walipaita mahali hapo Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, kwa matamshi yao. Walileta nguo, shanga, bunduki na dini yao.

Mumia aliwapokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemavyo methali, na mwenyeji huyu alikuwa na jambo la kuponya. Mwaka wa 1883 alifika Mskoti Joseph Thomson. Mwaka wa 1885 alifika Askofu James Hannington, akaacha hapo sehemu kubwa ya msafara wake na kuendelea kuelekea Busoga na watu wachache. Huko Buganda watu waliamini kwamba maadui watakaoila nchi yao wangeingia kwa upande wa mashariki, kana kwamba ni mlango wa nyuma wa nyumba. Kwa amri ya Kabaka Mwanga askofu huyo aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Baadaye mifupa yake ililetwa kwa Mumia na kulazwa hapo kwa muda, hata ikapelekwa Namirembe na kuzikwa mwaka wa 1892. Bawabu alimfungulia akiwa hai, kisha akampokea akiwa maiti.

LANGO LIKIISHA KUFUNGULIWA

Mwaka wa 1894 Waingereza walifungua kituo chao cha serikali kwa Mumia. Mwaka uliofuata walipigana na Wabukusu, na wapiganaji wa Wanga walikuwa upande wa Waingereza pamoja na askari wa Kisudani na Waganda. Ngome za Lumboka na Chetambe zilivunjwa, na watu wengi wakafa. Hapo ndipo ulipo uchungu wa habari ya Mumia. Kwa watu wake, yeye ni mfalme aliyeiokoa nchi ndogo isimezwe na jirani zake. Kwa watoto wa waliofia Chetambe, yeye ni mtu aliyemwonyesha mgeni njia ya kuwafikia.

Uchungu ulizidi pale serikali ilipowatuma jamaa za Mumia kuwa machifu juu ya makabila ambayo hayakuwa chini ya Wanga hapo awali. Mwaka wa 1909 yeye mwenyewe alifanywa Chifu Mkuu wa wilaya yote ya North Kavirondo. Kwa jina alikuwa mkubwa kuliko baba zake wote. Kwa kweli sasa alikuwa mtumishi wa serikali.

Tena njia yenyewe ilikuwa imekwisha kumhama. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na mtu aendaye Uganda akawa anapanda meli ziwani bila ya kupita kwa Nabongo. Mwaka wa 1902 mpaka wa Uganda ulisogezwa magharibi, na nchi ya Wanga ikawa ndani ya mipaka ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka wa 1920 makao ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Mnamo 1926 mzee alistaafishwa.

Kwa upande wa roho pia aliishi na milango miwili. Aliingia Uislamu uliokuja na misafara, na Mumias ikawa kituo kikuu cha dini hiyo magharibi mwa Kenya. Wamisionari wa Kikatoliki nao walipata nafasi hapo mwaka wa 1904. Wakati huohuo yeye alibaki Nabongo, mrithi wa bangili na mlinzi wa desturi za wazee, na watu wake hawakuona ajabu.

Mwaka wa 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza Wabukusu kwenda Chetambe kuwaombea wazee wao waliouawa mwaka wa 1895. Mwaka wa 1948 serikali iliipiga marufuku dini hiyo. Mwaka wa 1949 Mumia alifariki dunia, akiwa mzee sana.

Cheo cha Nabongo hakikuzikwa pamoja naye, wala ubishi juu yake haujazikwa. Pengine wanaobishana wanautazama kila mmoja uso wake. Huyu anatazama hatari zilizokuwa nyuma ya Mumia, na yule anatazama mateso yaliyokuja mbele yake. Uso wa tatu, ule wa saa ambayo mgeni mwenye bunduki amesimama mlangoni akingoja jibu, alikuwa nao Mumia peke yake. Anayetaka kumhukumu na aanze kwa kusimama hapo.